Nafasi ya 2058

Kati ya Machi 2018 na Julai 2019, wajawazito 4,680 wa Kenya, Malawi na Tanzania waliandikishwa katika jaribio la kitabibu lililopewa jina la IMPROV. Kwa upande wa Tanzania kazi ilifanyika Korogwe na Handeni, wilaya mbili za Mkoa wa Tanga, mkoa ambao watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) wamefuatilia malaria kwa miaka mingi. Akina mama waligawanywa katika makundi matatu. Kundi la kwanza lilimeza SP kila mwezi, yaani sulfadoksini pamoja na pirimethamini, dawa ile ile inayotolewa kliniki kama kinga ya malaria. La pili lilimeza DP, yaani dihaidroatemisinini pamoja na piperakwini. La tatu lilimeza DP na likaongezewa kozi moja tu ya azithromaisini. Nyongeza hiyo ilikuwa na sababu nzito. Mtoto anayezaliwa njiti au na uzito pungufu huenda ameponzwa na malaria, lakini huenda pia ameponzwa na klamidia au kisonono ambacho mama alikuwa nacho bila dalili yoyote. Azithromaisini hupigana na bakteria hao, na kwa kiasi fulani hupigana na kimelea cha malaria pia. Vidonge vichache vilitarajiwa kufanya kazi mbili kwa mpigo.

Ili kuelewa dawa hiyo inaweza nini na haiwezi nini, hatuna budi kushuka hadi mahali inapofanyia kazi, na mahali penyewe ni padogo mno: herufi moja ya RNA ndani ya ribosomu ya bakteria. Herufi hiyo ikibadilika, dawa hushindwa. Zipo herufi nyingine nyingi katika RNA hiyo hiyo ambazo zikibadilika hakuna kinachotokea. Hoja ya sura hii ni kwamba uzito wa badiliko dogo katika RNA ya ribosomu haupimwi kwa udogo wake wala kwa idadi ya mabadiliko yaliyo pamoja nalo. Hupimwa kwa mahali lilipotokea na kwa majirani wanaogusana napo. Anayehesabu mabadiliko bila kuuliza yako wapi atakosea pande zote mbili: atatishwa na mengi yasiyo na madhara, na atalipita bila kuliona lile moja linaloharibu tiba.

Ribosomu ndiyo inayounganisha asidi amino kuwa protini katika kila chembe hai, iwe ya bakteria, ya mbu au ya binadamu. Kila ribosomu ina sehemu mbili, ndogo na kubwa, na kila sehemu imejengwa kwa RNA na protini. Katika bakteria wa E. koli, ambaye namba zake hutumika duniani kote kama kipimo cha pamoja, RNA ya sehemu ndogo ina herufi 1,542. Sehemu kubwa ina uzi mmoja wa herufi 2,904 na mwingine mfupi wa herufi 120. Herufi zenyewe ni nne tu, A, G, C na U, na kanuni yake ni kwamba G hushikana na C, na A hushikana na U. DNA huwa na nyuzi mbili zinazokumbatiana, lakini uzi wa RNA ya ribosomu hauna mwenzake, hivyo hujikunja na kujitafutia jozi ndani yake wenyewe. Singa za mkonge wa Korogwe hupata nguvu zinaposokotwa pamoja kuwa kamba. Uzi wa RNA hujisokota wenyewe kwa wenyewe, ukatengeneza vipande vya kamba ngumu, vitanzi laini, na mahali ambapo vitanzi vya mbali hukutana na kushikana. Umbo hilo ndilo linalofanya kazi. Picha za kina zilizopatikana mwaka 2000, ambazo ziliwapatia Venkatraman Ramakrishnan, Thomas Steitz na Ada Yonath Tuzo ya Nobeli ya Kemia mwaka 2009, zilionyesha kwamba pale hasa asidi amino zinapounganishwa hakuna protini inayofanya uunganishaji. RNA yenyewe ndiyo inayofanya.

Hapo ndipo RNA ya ribosomu inapotengana na vinasaba vya kawaida. Kinasaba cha protini ni maelekezo tu, na maelekezo hayo yana nafasi ya kusamehe: herufi inaweza kubadilika na asidi amino ikabaki ile ile, kwa kuwa asidi amino nyingi zina maandishi zaidi ya moja. RNA ya ribosomu haitafsiriwi kuwa kitu kingine. Herufi yake ndiyo kifaa chenyewe, na atomu zake ndizo zinazogusana na dawa.

Tuisogelee basi nafasi ya 2058 katika uzi ule mrefu wa herufi 2,904. Protini inapoundwa hutoka nje kupitia njia nyembamba inayopenya sehemu kubwa ya ribosomu, na nafasi hiyo iko karibu na mdomo wa ndani wa njia hiyo. Katika bakteria herufi iliyopo hapo ni A, na jirani yake wa 2059 pia ni A. Azithromaisini, sawa na ndugu yake erithromaisini, ni pete kubwa ya atomu iliyobeba sukari yenye naitrojeni. Dawa ikiingia, pete hulala kwenye ukuta wa njia na sukari huegemea zile A mbili. Njia hubaki na upenyo mdogo, na protini nyingi hukwama zikiwa bado fupi. Sasa badilisha A ya 2058 iwe G. Herufi hizo mbili zinafanana kwa umbo, ila G ina naitrojeni moja yenye haidrojeni mbili upande ambao A iko wazi. Kichomozo hicho cha atomu tatu kinaelekea pale pale dawa inapotaka kukaa. Dawa husukumwa, na bakteria huendelea kutengeneza protini zake.

Msomaji makini anaweza kuuliza: tutajuaje kwamba ni herufi hiyo, na si badiliko jingine lililoandamana nayo? Jibu zuri kuliko yote ninayoyajua lilitoka katika maabara ya Steitz mwaka 2005. Watafiti walimtumia kijidudu wa Bahari ya Chumvi aitwaye Haloarcula marismortui, ambaye kwa asili ana G katika nafasi inayolingana na 2058, na ambaye erithromaisini humshika kwa udhaifu sana. Waliibadilisha G hiyo moja kuwa A. Nguvu ya dawa kushikamana na ribosomu yake ikaongezeka takriban mara 10,000. Jaribio hilo lina uzito kwa sababu lilikwenda kinyume na njia ya kawaida ya usugu: badala ya kumvua bakteria udhaifu wake, lilimvisha udhaifu kiumbe ambaye hakuwa nao. Isitoshe, ribosomu kuu za chembe zetu sisi binadamu zina G mahali hapo. Mjamzito aliyemeza azithromaisini Handeni alikuwa na ribosomu zisizohesabika mwilini, na dawa ilizipita zile zake ikazishika za bakteria, kwa sehemu kubwa kwa sababu ya tofauti hiyo ya herufi. Kinachotulinda sisi ndicho hicho hicho ambacho bakteria hukipata anapogeuka sugu.

Mahali si namba tu. Ni pamoja na majirani. Herufi ya 2057 haigusani na dawa kama 2058 inavyogusana, lakini imeshikana jozi na herufi ya 2611 iliyo mbali sana kwenye uzi, na jozi hiyo ya G na C huimarisha ukuta pale pale. Katika bakteria wa kisonono, C ya 2611 ikigeuka kuwa U jozi hulegea, na azithromaisini hupungukiwa nguvu. Usugu wake huwa wa kiwango cha chini. A ya 2059, inayoguswa na dawa moja kwa moja, ikigeuka kuwa G, usugu huwa mkubwa kabisa. Mabadiliko yote mawili ni ya herufi moja, tena kwa mdudu yule yule na dawa ile ile, lakini matokeo yanatofautiana kwa sababu moja linaondoa mguso wenyewe na jingine linatikisa nguzo iliyoushikilia. Kwangu mimi mfano huu una thamani kuliko ule maarufu wa 2058, kwa kuwa unaonyesha umbo likifanya kazi: herufi iliyo umbali wa mamia ya hatua kwenye uzi inaamua kinachotokea hapa, kwa sababu uzi umejikunja ukawaleta wawili hao bega kwa bega.

Ushahidi wa pili unatoka katika sehemu ndogo ya ribosomu, na unaigusa kila wodi ya watoto wachanga nchini. Jentamaisini hutolewa kwa kichanga mwenye maambukizi ya damu. Hushikamana na RNA ya herufi 1,542, karibu na nafasi ya 1408, ambayo kwa bakteria ni A. Ribosomu zetu kuu zina G hapo, nazo hunusurika. Lakini ndani ya chembe zetu kuna mitokondria, zenye ribosomu zao zinazofanana zaidi na za bakteria. Mwaka 1993 ilielezwa kwamba watu wengine hurithi kwa mama badiliko la herufi moja katika RNA hiyo ya mitokondria, A ya nafasi ya 1555 ikiwa G. Herufi hiyo mpya hupata jozi ambayo ya zamani haikuipata, kipande cha kamba hurefuka kwa jozi moja, na umbo lake husogea karibu zaidi na lile la bakteria. Dawa sasa hulitambua. Mtu huyo anaweza kupoteza usikivu kwa dozi ambazo wengine huzimudu. Badiliko hili halikuharibu jozi, bali limeongeza jozi, na bado likaleta ulemavu. Asiwepo basi wa kudhani kwamba RNA iliyoshikana vizuri zaidi ni bora zaidi.

Pingamizi la kwanza kubwa ni hili: ikiwa herufi moja inaweza kufanya yote hayo, mbona RNA za ribosomu za viumbe mbalimbali zinatofautiana kwa mamia ya herufi na zote zinafanya kazi? Swali ni la haki, na jibu lake ndilo lililowawezesha wanasayansi kuchora umbo la RNA hii miaka ishirini kabla ya kuiona. Carl Woese, Harry Noller na Robin Gutell walilinganisha mfuatano wa herufi wa viumbe vingi na wakagundua kwamba mabadiliko mengi huja kwa jozi: penye G na C kwa kiumbe mmoja, mwingine ana A na U. Herufi zote mbili zimebadilika, mshikano umebaki. Picha za mwaka 2000 zilipotoka, karibu asilimia 97 ya jozi zilizokuwa zimetabiriwa kwa njia hiyo zilionekana ni za kweli. Kwa hiyo wingi wa tofauti unaithibitisha hoja ya mahali. Maumbile yameruhusu herufi zibadilike mahali ambapo umbo linabaki, na yamekataa pale ambapo halibaki.

Mkoa wa Tanga wenyewe umefaidika na sehemu zile zinazoruhusu. Kimelea cha malaria kina maeneo ndani ya RNA ya sehemu ndogo ya ribosomu yanayobadilika kwa uhuru. Hata kimelea kimoja cha Plasmodium falciparum hubeba zaidi ya aina moja ya RNA hiyo, nyingine ikitumika zaidi damuni na nyingine zaidi ndani ya mbu. Kwa kusoma maeneo hayo katika tone la damu lililokaushwa kwenye karatasi, maabara hutofautisha spishi zinazochanganywa kirahisi chini ya darubini. Uchunguzi wa aina hiyo kwa wanafunzi 3,456 wa mikoa minane ya Tanzania, kwa sampuli za mwaka 2017, ulikuta asilimia 22 wana falciparum na asilimia 24 wana ovale, tena wengi wa hao wa ovale wakiwa na vimelea vichache mno. Kati ya vinasaba vya RNA ya ribosomu kuna hata vipande vya kutenganisha ambavyo havimo katika ribosomu iliyokamilika, na vipande hivyo hubadilika haraka zaidi. Mbu wa kundi la Anopheles gambiae hawatofautishiki kwa macho, lakini vipande hivyo huwafichua hata katika mdudu aliyekauka akihifadhiwa kabatini kwa miaka. Yahya Derua na wenzake walipowachunguza hivyo mbu wa vijiji vya kaskazini mashariki mwa Tanzania, waliripoti mwaka 2012 kwamba Anopheles gambiae halisi, aliyekuwa ametawala miongo iliyopita, amekuwa adimu, na arabiensis ndiye mwingi. Tofauti za herufi ambazo hazimdhuru mbu hata kidogo zimetueleza badiliko kubwa la afya ya mkoa mzima.

Pingamizi la pili: ikiwa herufi moja inatosha kumwokoa bakteria, kwa nini azithromaisini haijafa kila mahali? Sababu mojawapo ni idadi ya nakala. E. koli ana nakala saba za vinasaba vya RNA ya ribosomu. Ikibadilika moja, ribosomu nyingi bado zitakwamishwa na dawa. Bakteria wa kisonono ana nakala nne, na usugu mkubwa huonekana pale nyingi kati ya hizo zinapokuwa zimebadilika. Bakteria wa kaswende ana mbili, na badiliko la A kuwa G kwenye 2058 limeshaonekana katika zote mbili. Taarifa ya mwaka 2004 ililikuta Marekani na Ireland. Mdudu wa kifua kikuu ana nakala moja tu, na ndiyo maana badiliko moja katika RNA yake lilitosha kuziangusha dawa za kanamaisini na amikasini. Mahali, kwa maana hii, ni pamoja na kuuliza badiliko limetokea kwenye nakala ngapi kati ya ngapi.

Kimelea cha malaria kinaleta sura nyingine. Azithromaisini na klindamaisini hazishiki ribosomu zake kuu, bali zile za apikoplasti, kiungo kidogo chenye DNA yake ya herufi kama 35,000, ambacho asili yake ya mbali ni bakteria. Huko Amazoni ya Peru walipatikana vimelea sugu kwa klindamaisini, taarifa ikachapishwa mwaka 2010: A moja ya RNA ya apikoplasti, ile inayolingana na 2058 ya bakteria, ilikuwa imegeuka kuwa C. Lakini vimelea waliofanywa sugu kwa azithromaisini maabara, katika utafiti wa mwaka 2007, walikutwa na badiliko katika protini iitwayo L4, ambayo ncha yake huingia kwenye njia ile ile ya kutokea protini. Wapo watakaosema hilo linaipunguza nguvu hoja yangu, kwa kuwa RNA haikuguswa. Naona kinyume chake. L4 imo katika ujirani ule ule. Imebadilika kitu kingine, lakini mahali hapakubadilika.

Linganisha na kilichoipata SP Korogwe. SP haihusiani na ribosomu. Hupambana na vimeng'enya viwili vya kimelea. Daniel Minja na wenzake walichapisha mwaka 2013 utafiti wa wajawazito wa Korogwe ulioonyesha kwamba vimelea wenye badiliko la nafasi ya 581 katika kimeng'enya cha dhps, juu ya mengine matano yaliyokwisha kujengeka, walihusishwa na watoto waliozaliwa na uzito mdogo. Huko usugu ulipanda ngazi kwa ngazi, badiliko juu ya badiliko. Katika RNA ya ribosomu, kiumbe mwenye nakala moja anaweza kuruka ngazi zote kwa herufi moja.

Linabaki pingamizi zito kuliko yote, na linatoka katika jaribio lenyewe. Matokeo ya IMPROV yalichapishwa mwaka 2023 na Mwayiwawo Madanitsa na wenzake katika The Lancet. Matokeo mabaya ya ujauzito yalikuwa asilimia 23.3 kwa waliomeza SP, asilimia 27.9 kwa waliomeza DP, na asilimia 27.6 kwa walioongezewa azithromaisini. DP ilizuia malaria vizuri zaidi, lakini SP, pamoja na usugu wote huo, ikawa na matokeo bora kwa watoto. Azithromaisini haikuongeza lolote la maana. Mtu anaweza kusema: elimu yote hii ya atomu tatu kwenye nafasi ya 2058 imewasaidia nini akina mama wa Handeni? Siwezi kulijibu swali hili kwa kulikwepa. Dawa kushikamana na ribosomu ni sharti la lazima ili ifanye kazi, lakini si sharti linalotosha. Inaweza kushikamana barabara na bado mtoto akazaliwa mdogo, kwa sababu ya lishe ya mama, au kwa sababu kozi moja iliyotolewa wakati wa kuandikishwa haizuii maambukizi mapya ya miezi inayofuata. Umbo la RNA halikudai kueleza hayo yote. Linachoeleza ni gharama. Dawa inayotolewa kwa watu wengi bila faida iliyothibitishwa bado huwachuja bakteria katika mwili wa kila aliyeimeza, na mchujo huo hupendelea wale wenye G mahali pa A. Ndiyo maana matokeo kama ya IMPROV ni habari njema kwa namna yake: yamezuia dawa nzuri isitumike bure.

Gharama hiyo ina upande mmoja ambao kusoma herufi peke yake hakuuoni. Bakteria wengine hubeba kinasaba kiitwacho erm, kinachoweza kuhama kutoka bakteria mmoja kwenda mwingine. Kimeng'enya chake hakiibadilishi A ya 2058; huibandika kaboni moja au mbili juu yake pamoja na haidrojeni zake, na A hubaki A. Picha zilizochapishwa mwaka 2021 zilionyesha kwamba kati ya A hiyo na sukari ya dawa hukaa molekuli moja ya maji inayowaunganisha, na kwamba kaboni zilizobandikwa huifukuza. Katika jaribio la MORDOR, ambalo liligawa azithromaisini kwa watoto wa Niger, Malawi na Tanzania, vinasaba vya usugu wa kundi hili la dawa viliongezeka kwa watoto wa Niger waliochunguzwa. Maabara itakayosoma RNA ya ribosomu ya bakteria mwenye erm itakuta A kwenye 2058, A kwenye 2059 na C kwenye 2611, na itaandika kwamba dawa itafanya kazi, ilhali bakteria huyo ni sugu kabisa. Kwa sampuli za Korogwe na Handeni, kipimo cha herufi kinapaswa kwenda sambamba na kipimo cha kinasaba cha erm, na inapowezekana na kuotesha bakteria wenyewe mbele ya dawa ili waonekane kama wanakua au hawakui.